António Egas Moniz

António Egas Moniz (Avanca, 29 Novemba 1874 – Lisbon, 13 Desemba 1955) alikuwa daktari, mtafiti na mwanasiasa kutoka nchini Ureno. Anajulikana hasa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni angiografia ya ubongo, yaani njia ya kupiga picha za eksirei za mishipa ya damu iliyomo ndani ya fuvu la mtu aliye hai, aliyoifanikisha mwaka 1927. Ya pili ni leukotomia, yaani upasuaji wa kukata nyuzi za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo kwa lengo la kutibu magonjwa ya akili, aliouanzisha mwaka 1935.

Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Walter Rudolf Hess wa Uswisi. Moniz alipewa tuzo hiyo kwa ajili ya leukotomia, si kwa angiografia. Baadaye leukotomia iliachwa kwa sababu ya madhara yake makubwa kwa wagonjwa, lakini angiografia inaendelea kutumika hospitalini hadi leo.

Maisha ya awali na masomo

Alizaliwa katika kijiji cha Avanca, wilaya ya Estarreja, kaskazini mwa Ureno, katika familia ya wenye ardhi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa António Caetano de Abreu Freire de Resende. Mjomba wake, aliyekuwa padri na pia baba yake wa ubatizo, aliamini kwamba ukoo wao ulitokana na Egas Moniz, mkabaila wa karne ya 12 aliyemlea Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno. Kwa sababu hiyo kijana aliongezewa jina la mkabaila huyo, na ndilo lililokuja kujulikana duniani.

Alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Coimbra na kuhitimu mwaka 1899. Baadaye alikwenda Ufaransa, katika miji ya Bordeaux na Paris, kujifunza magonjwa ya mfumo wa neva. Huko Paris alifahamiana na mabingwa wa fani hiyo, akiwemo Joseph Babinski. Mwaka 1902 akawa profesa huko Coimbra, na mwaka 1911 akahamia Chuo Kikuu cha Lisbon kuongoza idara mpya ya magonjwa ya mfumo wa neva. Alishika nafasi hiyo hadi alipostaafu katikati ya miaka ya 1940. Alimwoa Elvira de Macedo Dias, hawakupata watoto.

Tangu ujana wake Moniz aliugua jongo, ugonjwa unaosababisha fuwele za asidi ya yuriki kujikusanya katika viungo vya mwili. Kadiri miaka ilivyopita viungo vya mikono yake viliharibika, asiweze kufanya kazi za mikono zinazohitaji ustadi mkubwa. Hali hiyo iliathiri namna alivyofanya utafiti wake wote: mawazo na mipango vilikuwa vyake, lakini kisu na sindano vilishikwa zaidi na msaidizi wake kijana, daktari wa upasuaji Pedro Almeida Lima.

Siasa

Kabla ya kujulikana kama mtafiti, Moniz alijulikana nchini mwake kama mwanasiasa. Akiwa mwanafunzi alipinga utawala wa kifalme, na siasa zilimfikisha gerezani. Aliingia bungeni mwaka 1903 na kuwa mbunge kwa vipindi mbalimbali hadi mwaka 1917, kipindi ambacho ufalme ulipinduliwa na jamhuri kutangazwa tarehe 5 Oktoba 1910. Mwaka 1917 alitumwa kuiwakilisha Ureno mjini Madrid. Mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliongoza kwanza ujumbe wa Ureno katika mkutano wa amani wa Paris.

Mwaka 1919 aliachana na siasa na kurudi katika udaktari. Kazi iliyompa sifa ya kimataifa aliianza akiwa amepita umri wa miaka 50.

Ugumu wa kuuona ubongo

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei. Ugunduzi huo uliwanufaisha mara moja madaktari wa mifupa. Mfupa una kalsiamu nyingi inayozuia eksirei, hivyo unaonekana wazi pichani, na mvunjiko, kiungo kilichoteguka au risasi iliyobaki mwilini viliweza kuonekana bila kumpasua mgonjwa.

Kwa madaktari wa ubongo hali ilikuwa tofauti. Fuvu lilionekana vizuri, lakini ubongo wenyewe, damu na maji yanayouzunguka huzuia eksirei kwa kiwango kinachokaribiana. Pichani vyote vilikuwa kivuli kimoja. Mgonjwa mwenye uvimbe ubongoni alipimwa kwa kuangalia dalili za nje: mkono uliopooza, jicho lisiloona, usemi uliopotea. Kutokana na dalili hizo daktari alikisia uvimbe uko wapi. Akikosea, fuvu lilifunguliwa mahali pasipo na kitu, na mara nyingi mgonjwa alifariki.

Mnamo 1918 na 1919 daktari Mmarekani Walter Dandy alipata njia ya kwanza ya kupunguza ugumu huo. Alitoa maji yaliyomo katika mashimo ya ndani ya ubongo na kuingiza hewa badala yake. Kwa kuwa hewa haizuii eksirei kama maji, mashimo hayo yalionekana, na kama yalikuwa yamesukumwa upande daktari alijua kuna uvimbe. Hata hivyo kipimo hicho kilisababisha maumivu makali ya kichwa na kutapika, na wagonjwa wengine walikufa. Nchini Ufaransa, Jean Sicard na Jacques Forestier walionyesha mwaka 1921 kwamba mafuta yenye iodini yaliyoingizwa katika mfereji wa uti wa mgongo yanaonekana kwa eksirei, hivyo yanaweza kuonyesha mahali uti ulipobanwa.

Moniz alifikiria njia nyingine. Ubongo hupata damu kupitia mishipa inayosambaa kila sehemu yake. Kama mishipa hiyo ingejazwa kwa muda mfupi kimiminika kinachozuia eksirei, ingeonekana kama matawi ya mti. Uvimbe wenyewe usingeonekana, lakini ungeonekana umesukuma au kupinda matawi yaliyo jirani nao.

Majaribio

Kazi ilianza mwaka 1926. Swali la kwanza lilikuwa ni kimiminika gani kitumike. Kilipaswa kuzuia eksirei vya kutosha, kisiwe sumu, kichanganyike na damu bila kuigandisha, na kipite upesi. Moniz alianza na chumvi za bromini, kwa sababu madaktari walikuwa wamezoea kuwapa wagonjwa wa kifafa dawa za aina hiyo na kuona mwili unazivumilia.

Yeye na wasaidizi wake walipima vimiminika hivyo kwanza kwa kuvipiga picha nyuma ya mifupa ya fuvu, kisha wakavijaribu kwa wanyama. Waliingiza pia vimiminika katika mishipa ya vichwa vya maiti na kuvipiga picha. Kwa njia hiyo walipata ramani ya mishipa ya ubongo usio na ugonjwa. Ramani hiyo ilikuwa ya lazima, kwa maana asiyejua mshipa wa kawaida hupita wapi hawezi kusema kwamba mshipa fulani umesukumwa.

Baada ya hapo walianza na wagonjwa. Sindano ilielekezwa kwenye ateri ya karotidi, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani. Majaribio ya kwanza ya kuchoma sindano kupitia ngozi hayakufaulu, hivyo Almeida Lima alilazimika kupasua shingo na kuufikia mshipa wenyewe. Walitumia bromidi ya strontiamu, lakini picha hazikuwa wazi. Kisha mgonjwa mmoja, mwanamume aliyekuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson zilizotokana na uvimbe wa ubongo wa kuambukiza, alifariki baada ya damu kuganda mishipani.

Kifo hicho kilisimamisha kazi. Moniz aliacha chumvi za bromini na kugeukia iodini, ambayo atomi zake ni nzito zaidi na hivyo huzuia eksirei vizuri zaidi. Walirudia hatua za mwanzo kwa iodidi ya sodiamu kabla ya kuitumia kwa mtu, na wakachagua mchanganyiko wa asilimia 25.

Tarehe 28 Juni 1927, katika Hospitali ya Santa Marta mjini Lisbon, walimpima kijana wa miaka 20 aliyekuwa amepofuka kutokana na uvimbe katika eneo la tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Safari hii picha ilionyesha ateri za ubongo, na ilionekana wazi kwamba uvimbe ulikuwa umezisukuma kutoka mahali pake. Ilikuwa mara ya kwanza mishipa ya damu ya ubongo wa mtu aliye hai kuonekana kwa njia hiyo. Siku chache baadaye, mwezi Julai, Moniz aliwasilisha matokeo hayo mjini Paris mbele ya wataalamu wa mfumo wa neva.

Maendeleo ya angiografia

Katika miaka iliyofuata kundi la Lisbon liliboresha njia hiyo. Picha moja haikutosha, kwa sababu damu hupita ubongoni kwa sekunde chache tu. Mtaalamu wa eksirei José Pereira Caldas alitengeneza mtambo wa kubadilisha filamu haraka, hata ikawezekana kupiga picha kadhaa mfululizo: kwanza ateri, kisha mishipa midogo, mwishoni vena. Mjini humohumo, mwaka 1929, Reynaldo dos Santos alitumia wazo hilohilo kupiga picha za aota, ateri kubwa ya mwili, sehemu ya tumboni.

Angiografia haikuishia kwenye uvimbe. Ilionyesha pia kasoro za mishipa yenyewe, kama vile mishipa iliyofura na kutishia kupasuka. Mwaka 1937 Moniz na wenzake walieleza wagonjwa ambao ateri yao ya karotidi ilikuwa imeziba shingoni. Kazi hiyo ilisaidia kuonyesha kwamba kiharusi kinaweza kuanzia kwenye mshipa ulio nje ya fuvu.

Lakini njia hiyo ilikuwa na hatari zake. Iodidi ya sodiamu iliunguza na kuleta maumivu, na iliweza kusababisha degedege. Kuanzia mwaka 1931 Moniz na Lima walitumia Thorotrast, kimiminika chenye oksidi ya thoriamu. Kilitoa picha nzuri sana bila kumuumiza mgonjwa, na kilienea katika nchi nyingi. Hata hivyo thoriamu ni nururifu, na mwili hauwezi kuitoa nje. Hubaki katika ini, wengu na uboho kwa maisha yote. Baada ya miaka mingi waliodungwa Thorotrast walipata saratani, hasa ya ini, kwa wingi kuliko watu wengine, na matumizi yake yakakoma katika miaka ya 1950.

Leukotomia

Mwezi Agosti 1935 Moniz alikwenda London kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mfumo wa neva, akiwa na maonyesho ya picha zake za angiografia. Huko watafiti Wamarekani John Fulton na Carlyle Jacobsen walieleza majaribio yao kwa sokwe wawili walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo. Mmoja wao, ambaye hapo awali alighadhibika kila aliposhindwa zoezi, alikuwa mtulivu baada ya upasuaji. Wakati huohuo uwezo wa sokwe hao kutatua mazoezi fulani ya kumbukumbu ulipungua.

Moniz aliamini kwamba baadhi ya magonjwa ya akili hutokana na miunganiko ya neva iliyojikaza na kurudia mawazo yaleyale bila kukoma. Aliona kwamba miunganiko hiyo ikikatwa mgonjwa anaweza kupata nafuu. Nadharia hiyo haikuwa na uthibitisho. Hata picha zake mwenyewe hazikuweza kusaidia, kwa kuwa angiografia huonyesha mishipa ya damu na wala si nyuzi za neva. Daktari aliyekata nyuzi hizo hakuwa na njia ya kuona alichokata.

Tarehe 12 Novemba 1935, miezi michache tu baada ya mkutano wa London na bila majaribio yake mwenyewe kwa wanyama, upasuaji wa kwanza ulifanyika katika Hospitali ya Santa Marta. Almeida Lima alitoboa fuvu la mgonjwa, mwanamke wa makamo, na kuingiza alkoholi ili kuua nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Baadaye walitengeneza kifaa chembamba chenye kitanzi cha waya cha kukatia nyuzi hizo.

Mwaka 1936 Moniz alichapisha taarifa juu ya wagonjwa 20 wa kwanza. Kwa maelezo yake, 7 walipona, 7 walipata nafuu na 6 hawakubadilika. Wagonjwa hao walikuwa wamefuatiliwa kwa muda mfupi sana, wengi wao kwa wiki chache tu. Uchovu wa nafsi, kutojali mambo, kuchanganyikiwa na kushindwa kuzuia haja vilivyoonekana baada ya upasuaji vilihesabiwa kuwa vya kupita. José Sobral Cid, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa ametoa wagonjwa wa kwanza, hakukubaliana na tathmini hiyo. Aliona kwamba nafsi za wagonjwa zilikuwa zimeharibiwa, akakataa kutoa wengine.

Pingamizi hilo halikuzuia upasuaji kuenea. Nchini Marekani Walter Freeman na James Watts waliuanza mwezi Septemba 1936, wakaubadilisha na kuuita lobotomia. Kuanzia mwaka 1946 Freeman alipitisha chombo chenye ncha juu ya jicho, kazi ya dakika chache isiyohitaji chumba cha upasuaji. Makumi ya maelfu ya watu walifanyiwa katika nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa wanawake na wagonjwa ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Baadhi yao walifariki. Wengine walibaki watulivu lakini bila ari, hisia wala uwezo wa kujitegemea. Mmoja wa wanaojulikana zaidi ni Rosemary Kennedy, dada wa rais wa baadaye John F. Kennedy, aliyefanyiwa mwaka 1941 na kuhitaji kutunzwa maisha yake yote yaliyobaki.

Tuzo ya Nobel

Kuanzia mwaka 1928 jina la Moniz lilipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel. Mapendekezo ya mwanzo yalitokana na angiografia, lakini hayakufaulu. Alipopewa tuzo mwaka 1949, sababu iliyotajwa ilikuwa ugunduzi wa thamani ya leukotomia katika kutibu baadhi ya magonjwa ya akili. Alikuwa Mreno wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel.

Wakati huo hospitali za magonjwa ya akili zilijaa kupita kiasi na dawa zenye msaada zilikuwa chache. Tuzo iliongeza imani ya madaktari katika upasuaji huo. Hata hivyo mwaka 1950 Umoja wa Kisovyeti uliupiga marufuku, na mwaka 1952 madaktari nchini Ufaransa walianza kutumia klopromazini, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya skizofrenia. Katika miaka michache leukotomia ilianza kupungua, na baadaye ikaachwa karibu kila mahali. Ndugu za watu waliofanyiwa lobotomia wamewahi kudai kwamba Moniz anyang'anywe tuzo yake, haikuondolewa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1939 Moniz alipigwa risasi kadhaa na mgonjwa wake wa akili katika chumba chake cha kazi mjini Lisbon. Mgonjwa huyo hakuwa miongoni mwa waliofanyiwa leukotomia. Moniz alipona na kurudi kazini. Mbali na tiba aliandika vitabu kuhusu maisha yake, historia na fasihi. Alifariki mjini Lisbon tarehe 13 Desemba 1955 akiwa na umri wa miaka 81.

Urithi

Angiografia ilibaki njia kuu ya kuchunguza ubongo kwa picha kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi alionyesha namna ya kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa kwa kutumia sindano na waya, hata ikawa si lazima tena kumpasua mgonjwa. Mwaka 1971 kipimo cha CT, kilichobuniwa na Godfrey Hounsfield, kilitumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa mjini London, na ubongo wenyewe ukaonekana bila sindano ya karotidi. Baadaye ikaja MRI, ambayo tangu miaka ya 1990 huweza kuonyesha hata njia za nyuzi za neva, zile ambazo katika siku za Moniz zilikatwa bila kuonekana.

Vipimo hivyo vipya havikufuta wazo la mwaka 1927. Katika CT na MRI mishipa ya damu mara nyingi huonyeshwa kwa kudunga kimiminika maalumu, na vile vya CT bado hutengenezwa kwa iodini. Angiografia yenyewe imekuwa pia njia ya tiba: kwa kuongozwa na picha zake, madaktari hupitisha mrija hadi ubongoni kuondoa damu iliyoganda kwa mgonjwa wa kiharusi, au kuziba mshipa uliofura kabla haujapasuka.

Nchini Ureno hospitali moja ya Lisbon ina jina lake, na nyumba ya familia yake huko Avanca ni makumbusho. Sura yake iliwahi kuwekwa kwenye noti ya escudo 10,000. Nje ya nchi yake jina lake hutajwa mara nyingi zaidi pamoja na lobotomia, na historia yake hutumika katika mafunzo ya maadili ya udaktari kama mfano wa hatari ya kueneza tiba kabla ya kuthibitisha matokeo yake.